Mtoto Aliyeimba Ndani ya Ngoma

Wanafunzi wetu wengi hudhani ya kwamba hekaya ni maneno yake tu, na kwamba wimbo uliomo ndani yake ni pambo, kama maua yanayowekwa mezani siku ya karamu: ukiyaondoa, chakula hakipungui. Sisi tunaofundisha twaliona jambo hilo darasani. Mtoto anasoma hekaya kitabuni kwa sauti nzuri, lakini akifika mahali palipopigwa chapa maneno ya wimbo, macho yake huruka mistari ile yote, na kutua chini yake, pale panapoanza tena neno «Basi». Ukimwuliza kwa nini ameruka, hujibu: «Mwalimu, huo ni wimbo tu.»

Wimbo tu! Wazee wa kale wangalishangaa kusikia neno hilo. Kwao mtu asiyejua wimbo wa hekaya hakuihesabu hekaya hiyo kuwa anaijua, hata kama angeweza kueleza mambo yote yaliyotokea, tangu mwanzo mpaka mwisho. Basi, wasomaji wapenzi, leo twataka kuchungua pamoja nanyi jinsi wimbo na kitabu vinavyosaidiana na kugombana katika kazi ya kusimulia. Hatutapita huku na huku tukiokota mifano mia. Tutashika hasa hekaya moja ya nchi yetu, ile ya Mwindo, mali ya Wanyanga, kabila la msituni katika nchi ya Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Wale wasioijua na waisikie kwa kifupi. Shemwindo alikuwa mwami wa kijiji cha Tubondo, naye alikuwa na wake saba. Siku moja aliamuru ya kwamba wote wamzalie mabinti tu. Atakayezaa mtoto wa kiume, mtoto huyo atauawa. Wake sita wakazaa wasichana. Wa saba, aliyekuwa kipenzi chake, akakawia sana, na mwisho akazaa mtoto wa kiume, tena si kwa njia ya watoto wote, bali mtoto alitokea katika kidole cha kati cha mkono wa mama yake. Alizaliwa akicheka, akisema na kutembea, na mkononi ameshika usinga wa mkia wa nyati. Huyo ndiye Mwindo.

Baba aliposikia habari hiyo alikasirika, akachukua mikuki yake na kuirusha, haikumpata mtoto. Akaamuru azikwe, naye akatoka kaburini. Mwishowe watu wakachonga mti, wakautoboa uwe mzinga wa ngoma, wakamtia mtoto ndani, wakaufunika kwa ngozi na kuukaza, wakautupa mtoni. Mkristu anayesikia maneno haya atamkumbuka mara moja Musa katika kikapu chake cha mafunjo, katika maji ya mto wa Misri. Hatusemi ya kwamba Wanyanga wamelipokea jambo hili katika Biblia. Lakini tazameni tofauti. Musa mdogo alilia kikapuni, na kilio chake kikamwamsha binti Farao kwa huruma. Mwindo hakulia: aliimba.

Na hapo ndipo wimbo unaposhika kazi yake. Ngoma haikuzama. Mtoto yumo gizani, maji yako pande zote, naye anaimba ya kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, dada ya baba, aliyeolewa na Mukiti, mwenye maji. Wasichana waliokwenda kuteka maji wakaiona ngoma, wakasikia sauti itokayo ndani yake, wakaenda kumwambia Iyangura. Shangazi akashuka, akapasua ngozi ya ngoma kwa kisu, akaona mtoto anayeng'aa kama jua linapochomoza. Sasa jaribuni kuondoa wimbo katika habari hii. Wasichana wangejuaje kwamba ndani ya mzinga ule mna mtu? Shangazi angejuaje kwamba ni mtoto wa ndugu yake? Pasipo wimbo, ngoma ile ni gogo lililochukuliwa na maji, na hekaya imekwisha mtoni.

Tunaambiwa na yaliyofuata. Mwindo alirudi Tubondo pamoja na wajomba zake na nguvu za Nkuba, yaani Radi, na kijiji kikaangamia. Shemwindo akakimbilia chini ya nchi, akipitia penye shina la jimbi. Mwana akamfuata huko kuzimu, akashindana na wenyeji wa huko kwa kazi ngumu na kwa mchezo wa kubahatisha, na kila mara usinga wake ukamwokoa. Alipomkamata baba yake hakumwua. Alimrudisha nyumbani, akawafufua waliokufa, baba akaungama ubaya wake mbele ya wote, na nchi ikagawanywa kati ya baba na mwana. Baadaye Mwindo mwenyewe alijivuna. Aliua joka lililokuwa rafiki ya Radi, akachukuliwa juu angani, akateswa kwa baridi na mvua na jua kali, mpaka akajifunza kwamba shujaa naye anaye mkubwa wake. Aliporudi alitoa amri kwa watu wake: walime vyakula vingi, wasigombane, wasichukue wake za wengine, wasimdhihaki kilema anayepita kijijini. Mwalimu wa katekisimu hatakosa la kusema juu ya mambo hayo!

Tumesema kwamba ni hekaya ya Wanyanga. Lakini sisi tusio Wanyanga tumeijuaje? Kwa kitabu.

Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, mchunguzi wa desturi za makabila, alikuwa katika nchi ya Wanyanga. Huko alimpata mzee mmoja mwimbaji, Shekarisi Candi Rureke. Neno hilo Shekarisi ni kama cheo chake, maana hekaya ndefu za namna hii Wanyanga huziita karisi. Kwa siku 12 Mzee Rureke aliimba na kusimulia, alicheza na kuigiza, na vijana waliokuwa pamoja na Biebuyck waliandika maneno yake mpaka yalipokwisha. Mkononi mzee alikuwa na kibuyu chenye mbegu alichokitikisa. Karibu naye walikaa vijana watatu wakipiga kwa vijiti mti uliolazwa juu ya vijiti vingine, kusudi ulie vizuri. Na miongoni mwao ndimo hutoka waimbaji wa kesho, maana mtu hujifunza karisi kwa kupiga mti na kuitikia miaka mingi kabla hajafungua kinywa peke yake. Watu waliozunguka waliitika, walipiga makofi, walimtuza mwimbaji zawadi ndogondogo.

Sasa sikieni neno ambalo tunaliona ni la ajabu kuliko yote. Mzee Rureke alisema mara nyingi kwamba tangu kuzaliwa kwake hakupata kuitoa hekaya ile yote kwa mfuatano, siku baada ya siku. Desturi ilikuwa kutoa kipande leo, kipande siku nyingine, kama watu walivyopenda na kama jioni ilivyoruhusu. Wasikilizaji waliijua hekaya yote, kwa hiyo kipande kiliwatosha, kama vile sisi tunavyoisikiliza Injili ya Dominika bila kuuliza yaliyotangulia na yatakayofuata. Basi Mwindo mzima, mwenye mwanzo na mwisho, hakuimbwa kwanza ndipo akaandikwa. Kalamu ndiyo iliyomwomba aimbwe mzima.

Twakaa kidogo juu ya neno hili, maana watu wengi husema upesi kwamba kitabu huua wimbo. Hapa kitabu hakikuua. Kilimpa mzee sababu ya kukusanya mali yake yote na kuipanga mbele ya macho ya watu, jambo ambalo jioni za kijiji hazikumwomba kamwe. Tena mzee naye hakuwaogopa waandishi. Aliwatia ndani ya nyimbo zake! Katikati ya safari za Mwindo anamwita mwandishi, anamhimiza asonge mbele. Anaimba pia juu ya nafsi yake, juu ya chakula, juu ya watu waliopo, anatia methali zisizo na kiungo na habari anayosimulia. Msomaji asiyejua hudhani kwamba mzee amepotea njia. Sivyo. Hekaya ni mto, na wimbo ni kivuko: penye kivuko watu husimama, huwekana sawa, husalimiana, ndipo wanaendelea.

Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1969, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Kongo, mtaalamu wa lugha. Kina maneno ya Kinyanga na tafsiri yake ya Kiingereza, nacho kilichapwa California, Marekani. Twawashukuru wote wawili, kwa kuwa wameokoa mali kubwa. Lakini fikirini mtoto wa Walikale. Hekaya ya babu yake ilivuka bahari, ikafanywa kitabu katika lugha isiyo ya kufundishia katika shule za Kongo, na watu wanaomjadili Mwindo katika vyuo vikuu vya mbali hawawezi kuuimba hata wimbo mmoja wake. Na yeye mtoto, kama hana mzee wa kumwimbia, hana kitabu wala wimbo.

Wala jambo hilo si la Wanyanga peke yao. Wamongo wa Ekwateri wana shujaa wao Lianja na dada yake Nsongo, nao pia waliandikwa na mtu wa kitabu: Padri Edmond Boelaert, misionari wa Moyo Mtakatifu, yule ambaye pamoja na Padri Gustaaf Hulstaert alianzisha gazeti Aequatoria mwaka 1937. Twamtaja kwa furaha, kwa sababu wako watu wanaodhani kwamba mapadri wote walikuja kuzima hekaya za wazee. Wengine waliketi chini wakazisikiliza, wakaandika.

Turudi kwenye swali letu. Kitabu hupoteza nini? Watu hujibu: hupoteza sauti. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Katika lugha nyingi za Kongo sauti si nguo ya neno. Ni sehemu ya neno lenyewe. Nyote mnaojua Lingala mwafahamu kwamba «moto» ikisemwa chini ni mtu, na silabi ya mwisho ikipandishwa ni kichwa. Mwimbaji wa hekaya, kwa sababu hiyo, hana uhuru wa kupeleka wimbo wake popote apendapo: maneno yenyewe yamemwonyesha mahali pa kupanda na pa kushuka. Ndiyo maana nyimbo nyingine za kanisa zilizotafsiriwa zamani na kutiwa katika sauti za Ulaya ziliwachekesha wazee kimyakimya katika viti vyao. Kitabu kilisema mtu, sauti ikasema kichwa. (Kiswahili chetu hakina shida hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kwamba nyimbo za kigeni zinakikalia vizuri zaidi.) Kwa hiyo anayeandika wimbo wa Kinyanga au wa Kiluba bila kuonyesha kupanda na kushuka kwake ameandika nusu ya neno.

Msidhani hata hivyo kwamba hasara hiyo imewapata Waafrika tu. Kitabu cha nyimbo kilicho kikuu kuliko vyote duniani kimepatwa nayo. Zaburi 150 ziliimbwa kwa vinanda na matoazi, na juu ya nyingi kati yao bado yameandikwa maagizo kwa mwimbishaji. Neno «Sela» limo mara 71 katika Zaburi, nalo labda liliwaambia waimbaji wanyamaze kidogo, au wapige vyombo. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo. Juu ya Zaburi ya 22, ambayo katika Misale za zamani ilihesabiwa ya 21, imeandikwa kwamba iimbwe kwa sauti ya wimbo uitwao Paa wa Alfajiri. Kila Myahudi wa siku zile alipoona jina hilo aliijua sauti yake, kama vile mwanafunzi wetu anavyojua wimbo mara akisikia maneno matatu. Nasi leo? Jina limebaki, sauti imepotea. Na Zaburi hiyo ndiyo ambayo Bwana wetu alilia maneno yake ya kwanza akiwa msalabani. Tunayo maneno aliyoyasema. Wimbo ambao mama yake na wanawake wa Galilaya huenda waliukumbuka waliposikia maneno yale, hatunao.

Kanisa, ambalo ni mama mwenye akili, lilijaribu kwa namna yake kuifanya karatasi iimbe. Wazee waliotumikia Misa kabla ya Mtaguso wanakumbuka Mateso yalivyoimbwa kwa Kilatini siku ya Matawi na Ijumaa Kuu. Waimbaji walikuwa watatu. Mmoja ni msimulizi, wa pili huimba maneno ya Kristu, wa tatu maneno ya wengine wote, Petro na Pilato na makutano. Kitabuni, mbele ya kila neno, pana alama ndogo: msalaba mbele ya maneno ya Kristu, herufi C mbele ya msimulizi, herufi S mbele ya wengine. Sauti ya Kristu huwa chini na ya polepole, ya msimulizi katikati, ya makutano juu. Hata mtoto asiyejua neno moja la Kilatini alifahamu wazi nani anasema, na moyo wake ulijua saa ipi ni saa ya hatari. Na msimulizi alipofika pale Bwana anapokata roho, wimbo ulikatika. Watu wote walipiga magoti, kimya. Ukimya ule nao uliandikwa kitabuni, kwa maandishi mekundu.

Nani atasema kwamba hiyo si karisi? Yuko msimulizi, yuko shujaa mwenye sauti yake mwenyewe, uko umati unaoitika. Tofauti ni kwamba hapa mkono wa mwandishi ulikumbuka kuweka alama, na pale haukukumbuka, au haukujua.

Ni lazima kusema pia jambo lisilopendeza. Katika misioni kadha wa kadha, miaka ya mwanzo, ngoma ilikatazwa, na pamoja na ngoma zikakatazwa jioni za hekaya. Sababu hazikuwa za bure zote: ngoma nyingine zilikwenda pamoja na ulevi, nyingine na ibada za mizimu. Waimbaji wa Wanyanga wenyewe husema kwamba yuko roho aitwaye Karisi anayemtaka mtu ajifunze hekaya, na mkristu hawezi kumtumikia roho huyo. Lakini mkulima mwenye busara huchambua magugu; hachomi shamba zima. Twaona kwamba mahali pengine shamba lilichomwa, na wajukuu ndio wanaolala njaa.

Kanisa lenyewe lilisema wazi. Papa Pius XII, katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1955 juu ya muziki mtakatifu, aliwahimiza wamisionari wawape watu nyimbo za dini kwa lugha na kwa sauti walizozizoea. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, tarehe 4 Desemba 1963, ulitangaza kwamba muziki wa mataifa haya upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada, tena upandishwe hata shuleni. Na kabla Mtaguso haujakutana, Kongo ilikuwa imekwisha kutoa mfano. Huko Kamina, Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, alikusanya watoto wa shule na waalimu wao, na mwaka 1958 wakaimba Misa Luba. Maneno yalikuwa yale yale ya Kilatini, hakuna hata moja lililoongezwa au kupunguzwa. Sauti zilitoka kwa watu wa nchi, na Kyrie yake ikafuata namna ya kasala, wimbo ambao Waluba huwalilia wafu wao na kuwasifu wakuu wao. Mwaka ule ule walikwenda kuimba Ubelgiji, na sahani zao za santuri zikazunguka dunia. Mtu anayesema «Bwana utuhurumie» kwa sauti ya kasala anasimulia pia, bila kuongeza neno, habari ya watu wanaojua msiba ni nini.

Baadaye, mwaka 1988, Roma iliithibitisha Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaïre siku zile. Ndani yake yuko mtangazaji anayewaamsha watu na kuwaalika kabla ya mambo makuu. Wazee walipomwona mara ya kwanza hawakuuliza ni nani. Walimjua tangu zamani, jioni, penye moto.

Neno moja juu ya ndugu zetu wa pwani ya mashariki, ambao lugha hii tunayoiandika imetoka kwao. Wao walipata dawa nyingine. Tenzi zao ziliandikwa tangu kale kwa herufi za Kiarabu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Lakini mwandishi wa utenzi alihesabu mizani nane kwa kila kipande na kufunga vina, kusudi yeyote anayeufungua aweze kuuimba hata kama hakumsikia mtunzi. Mwendo wa wimbo umefungwa ndani ya maneno kama mbegu ndani ya tunda. Mwenzetu mkatoliki, Mathias Mnyampala wa Tanganyika, aliyezaliwa 1917 na kufa 1969, aliitumia njia hiyo kuisimulia Injili takatifu kwa utenzi. Twapenda walimu wetu wawape wanafunzi kazi yake, nao waiimbe, wasiisome kama hesabu. Hata hivyo dawa ya pwani haiponyi kila ugonjwa. Karisi haina mizani nane. Inakwenda kwa maneno ya kawaida, halafu ghafla inapaa kwa wimbo, kisha inatua tena. Na uzuri wake ni huko kupaa na kutua.

Kazi hii haingoji. Tangu miaka ya 1990 vita vimewafukuza watu wengi wa Walikale na Masisi katika vijiji vyao. Katika kambi ya wakimbizi nyumba ni turubai, kuni ni chache, na jioni ni saa ya hofu. Nani atapiga mti siku 12? Mjini Goma au Bukavu mtoto hujua nyimbo za redio na za simu, nazo si mbaya zote, lakini babu aliye na karisi moyoni hukaa kimya pembeni kwa kuwa hakuna anayemwitikia. Mwimbaji wa hekaya hawezi kuimba peke yake. Mtu akikosa waitikiaji miaka kumi, husahau.

Wazazi mlio na mzee wa namna hiyo nyumbani, simu iliyo mfukoni mwenu inashika sauti kuliko vile alivyokuwa navyo yeyote aliyetangulia. Lakini msimwekee mzee simu mezani na kumwambia: «Imba, baba.» Atawapa maneno makavu. Kaeni nao wote, watoto wawepo, mmoja apewe kijiti cha kupiga, mwitike pale anapowataka mwitike, mchelewe kulala. Akipotea njia na kuanza kuimba juu ya njaa yake, mpeni chakula, msimkatishe. Hiyo nayo imo.

Ninyi wanafunzi, mnaojua kuandika na mmefundishwa do re mi kanisani, chukueni daftari. Andikeni hekaya katika lugha ya mzee mwenyewe kwanza, kisha kwa Kiswahili au Kifaransa. Pembeni mwa kila mstari wekeni alama kama za Mateso: moja kwa msimulizi, moja kwa shujaa, moja kwa watu wanaoitika. Juu ya wimbo andikeni noti zake, au kama hamziwezi, wekeni mshale wa kupanda na mshale wa kushuka juu ya silabi. Andikeni mahali watu walipocheka. Andikeni nani aliyekuwa akipiga mti, na mahali mzee aliponyamaza, na kwa muda gani.